Albamu tatu nzito, bando moja: Metallica, Judas Priest au Blood Incantation?

Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa, lakini madirisha yake ni makubwa na wakati wa joto hayafungwi. Gitaa zito likifunguliwa ghorofani saa nne usiku linasikika mpaka barzani, na asubuhi utaulizwa nani alikuwa akiranda mbao. Basi mpenzi wa metali, ule muziki wa roki wa magitaa mazito, awe wa Unguja au wa Chake na Wete kule Pemba, husikiliza kwa hedfoni, kwenye simu, kwa bando la kuhesabu. Albamu iliyosifiwa na mtu mwenye spika mbili kubwa sebuleni kwake huko Ulaya inaweza kumchosha msikilizaji huyu kabla ya dakika ya ishirini.

Tumeziweka ubavu kwa ubavu albamu tatu zilizotoka tangu 2023: *72 Seasons* ya Metallica (14 Aprili 2023), *Invincible Shield* ya Judas Priest (8 Machi 2024) na *Absolute Elsewhere* ya Blood Incantation (4 Oktoba 2024). Kuna ya nne, kutoka Togo, tumeitia mwishoni kwa kuwa tulishindwa kuiacha nje.

Mwenye haraka asome hapa tu: anayeanza achukue Judas Priest. Mwenye hedfoni nzuri na subira achukue Blood Incantation. Metallica ni ya mtu anayewajua tayari, na hata yeye tunamshauri aipunguze.

| | Invincible Shield | 72 Seasons | Absolute Elsewhere |
|---|---|---|---|
| Aina | hevi metali ya asili | thrashi (metali ya kasi) iliyopoa mwendo | deth metali (metali kali zaidi) iliyochanganywa na roki ya anga |
| Nyimbo | 11 | 12 | 2, kila moja vipande 3 |
| Urefu | kama dakika 52 | dakika 77 | kama dakika 44 |
| Bando, ubora wa juu | MB 125 | MB 185 | MB 105 |
| Bando, ubora wa chini | MB 38 | MB 55 | MB 32 |
| Uimbaji | sauti ya juu, maneno yanasikika | sauti ya kukoroma kidogo, maneno yanasikika | kunguruma, na mara chache sauti safi |

Ubora wa juu hapa ni kilobiti 320 kwa sekunde, yaani MB 2.4 kwa kila dakika. Ubora wa chini ni kilobiti 96, kama MB 0.72 kwa dakika. Chukua urefu wa albamu yoyote, zidisha, utapata jibu kabla hujanunua vocha.

Tengeneza simu kwanza

Hukumu nyingi mbaya za albamu za metali hutokana na simu iliyowekwa vibaya. Kuna mambo matano ya kuangalia, na kila moja lina sababu yake.

Pakua albamu nzima mara moja, usiisikilize moja kwa moja kutoka kwenye mtandao. Albamu ya aina hii haieleweki kwa kuisikia mara moja. Ukiirudia *72 Seasons* mara tano mtandaoni kwa ubora wa juu umekula MB 925, wakati kuipakua ni MB 185 basi.

Zima kitufe cha kuongeza besi. Kwenye taarabu ya kisasa au bongo fleva hakina madhara makubwa, kwa sababu pale chini pana besi na dramu tu. Kwenye metali, dramu kubwa ya miguuni, gitaa la besi na nyuzi nene za magitaa mawili zote zinagombania pahala pamoja, baina ya hezi 60 na 200, yaani kwenye sauti za chini. Ukipaongeza hapo unapata uji. Watu husema "albamu hii haisikiki vizuri", kumbe ni kitufe.

Weka sifuri kwenye ile sehemu inayochanganya mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwengine, na zima kuchanganya mpangilio wa nyimbo. Kwa Judas Priest kosa hili linasameheka. Kwa Blood Incantation linaua albamu, na tutaona kwa nini.

Acha wazi kile kinachosawazisha ukubwa wa sauti baina ya albamu na albamu. Sikio hudhani kinachopiga kelele zaidi ndicho kizuri zaidi, hata kama tofauti ni ndogo. Ukilinganisha albamu mbili bila ya kusawazisha, unalinganisha makelele.

La mwisho ni spika ndogo ya bluetuthi. Marekodi ya metali kwa kawaida huweka gitaa moja la kupigia upande wa kushoto kabisa na jengine kulia kabisa. Spika moja inayaunganisha yote mawili katikati, yanafunikana, na pale mwimbaji anapaswa kusikika panakuwa pamejaa. Hedfoni za waya za bei ya kawaida zinashinda spika kama hiyo kwa kazi hii. Mwezi wa Ramadhani, hata hivyo, hapana mjadala: hedfoni.

Kuhusu ubora wa chini, kitu cha kwanza kuharibika ni matuazi. Badala ya mlio wa shaba unasikia kama maji yanayomiminwa kwenye karai. Kwa *Invincible Shield* bado utaifurahia. Kwa *Absolute Elsewhere*, ambayo ina matuazi mengi ya kasi na vinanda vya umeme vinavyofifia polepole, usijaribu.

Judas Priest: kila kitu kipo pahala pake

Bendi hii ilianza Birmingham mwaka 1969, na *Invincible Shield* ni albamu yao ya 19 ya studio. Mwimbaji, Rob Halford, alikuwa na umri wa miaka 72 ilipotoka. Umri huo unautambua pale tu anapotumia akili: hapandi juu kabisa kila mstari kama zamani, anakaa kati kisha anaitoa ile sauti ya kupasua pale wimbo unapoihitaji. Mpiga gitaa Glenn Tipton anaishi na ugonjwa wa Parkinson, jambo alilolitangaza 2018, hivyo mzigo mkubwa wa magitaa uko kwa Richie Faulkner. Mtayarishaji ni Andy Sneap, ambaye pia hupiga gitaa jukwaani na bendi hiyo.

Sifa ya albamu hii kwa msikilizaji wa simu ni usafi. Kila chombo kina nafasi yake. *Panic Attack* inafungua kwa milio ya gitaa inayofanana na kinanda cha umeme, unadhani umekosea albamu, kisha dramu za Scott Travis zinaingia na mashaka yanakwisha. *The Serpent and the King* ndiyo ya kasi. Wimbo uliobeba jina la albamu una magitaa yanayopokezana, moja likiuliza na jengine likijibu, na hapo ndipo hedfoni zinapolipa. *Crown of Horns* ni wa mwendo wa wastani, una kibwagizo cha kuimbika, na ndio wa kumpa mtu anayesema metali ni makelele.

Udhaifu upo. *Devil in Disguise* ni wimbo ambao bendi hii ingeuandika ikiwa imelala. *Escape from Reality* ni mzito na wa polepole, umekaa vizuri kwa mtu anayependa mtindo huo, lakini unavunja mwendo wa nusu ya pili, kisha *Sons of Thunder*, usiofika hata dakika tatu, unakuja kuuamsha tena. Vilevile usafi huo tuliousifu una gharama: dramu zimesuguliwa mno, kila pigo linafanana na lililopita. Aliyezoea ukali wa *Painkiller*, albamu yao ya 1990, atahisi kitu kimelainishwa.

Lipo toleo refu lenye nyimbo tatu za ziada. Si mbaya, lakini haziongezi jambo, na mwisho halali wa albamu ni *Giants in the Sky*, wenye kipande cha gitaa kavu katikati. Chukua toleo la nyimbo 11. Na kama simu yako hupita mikononi mwa wazee, jua kwamba majina kama *Gates of Hell* yanaonekana kwenye kioo.

Metallica: nguo nzuri iliyokatwa kubwa

Misimu 72 ni miaka 18 ya mwanzo ya maisha ya mtu, minne kwa kila mwaka. Hesabu hiyo na hapa inakubali: kaskazi, masika, kipupwe na vuli, mara kumi na nane. James Hetfield anaimba juu ya yale ambayo mtu anayabeba kutoka utotoni, na kwa maneno hii ndiyo nzito zaidi kati ya tatu. Wimbo wa kwanza, wenye jina la albamu, ulipata tuzo ya Grammy ya utendaji bora wa metali mwaka 2024.

Hetfield anapiga gitaa la kushindilia kwa mkono wa kulia unaoshuka tu, bila ya kupanda, na mkono huo bado ni saa. Sikiliza dakika mbili za mwanzo za wimbo wa kwanza kwa hedfoni: kushoto na kulia yanakwenda kama shoka mbili zinazokata gogo moja. Besi ya Robert Trujillo inasikika vizuri, jambo ambalo mashabiki wa bendi hii wanajua si la kulichukulia kirahisi. Na sauti ya jumla ina pumzi kuliko *Death Magnetic*, albamu yao ya 2008, iliyobanwa kwa ukubwa wa sauti mpaka ikawa inakwaruza.

Tatizo ni urefu, na si la ubora wa nyimbo moja moja. Dakika 77, karibu zote kwenye mwendo unaofanana, hakuna wimbo wa taratibu hata mmoja wa kumpa mtu kikombe cha maji. Kuanzia *Crown of Barbed Wire* hadi *Too Far Gone?* sikio linaanza kuchanganya huu na ule. Magitaa ya Kirk Hammett nayo, anapopewa nafasi ya peke yake, yanakwenda njia moja mara nyingi: kanyagio la wa-wa linalolifanya gitaa lilie kama sauti ya mtu, noti chache za haraka, amemaliza.

Dawa ni kutengeneza orodha yako. Tia nyimbo sita kwa mpangilio huu: *72 Seasons*, *Shadows Follow*, *You Must Burn!*, *Lux Æterna*, *Room of Mirrors*, *Inamorata*. Unapata dakika 41 na MB 98, na unapata albamu nzuri kuliko ile iliyouzwa. *Inamorata* usiuache. Ni dakika 11 na sekunde 10, wimbo mrefu kuliko wote waliowahi kuandika kwenye albamu zao, na katikati yake vyombo vinajitoa kimoja kimoja mpaka inabaki besi na mlio mdogo wa matuazi, kisha gitaa linarudi kwa upole ambao albamu nzima ilikuwa ikiuhitaji tangu mwanzo.

Kama kuna safari ya boti ya Dar, karibu saa mbili, hapo ndipo pekee ambapo albamu nzima ina hoja. Injini ya boti inafunika sauti za chini, lakini gitaa la Metallica liko juu kidogo ya hapo na linapita.

Kwa anayeuliza Zanzibar inaingia wapi kwenye habari hii: Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, na makumbusho yake yako Shangani. Metallica waliurekodi upya *Stone Cold Crazy* wa Queen, bendi aliyoiimbia Freddie, mwaka 1990, wakapata Grammy kwa huo. Wimbo wenyewe ni wa 1974, una kasi ambayo wakati ule haikuwa na jina. Wageni wanaopiga picha mlangoni pale wanaimba zile nyimbo za Queen za taratibu.

Blood Incantation: basharafu ya sayari nyengine

Hawa ni wanne kutoka Denver, Colorado. Wengi wa hapa hawajawasikia, na wakisikia deth metali wanafunga mlango. Tunaomba wauache wazi kidogo.

Albamu ina tungo mbili tu: *The Stargate* na *The Message*. Kila moja imegawanywa vipande vitatu, na kila moja inazidi dakika 20, urefu wa upande mmoja wa santuri. Ndivyo ilivyokusudiwa: unasikiliza upande, unanyanyuka, unageuza. Kwenye simu mgawanyo huo wa vipande unadanganya. Kipande cha kwanza kinaingia moja kwa moja ndani ya cha pili, hakuna ukimya. Ukiwa umeacha simu ichanganye miisho na mianzo, unasikia vipande viwili vikipigana kwa sekunde kadhaa pale ambapo pangekuwa na mshono usioonekana.

Hili kwa msikilizaji wa Kizanzibari si geni. Aliyekesha kwenye harusi ya kidumbaki anajua nyimbo hazikatiki, moja inaingia ndani ya nyengine, vijiti vya mkwasa vinaendelea na sanduku, ile besi ya kienyeji, halipumziki mpaka wachezaji waombe wenyewe. Na aliyekaa na taarabu ya asili anajua kungoja: basharafu inapigwa mpaka mwisho, vyombo vitupu, kabla mwimbaji hajasimama. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, santuri za wakati ule zilibeba dakika kama tatu tu kwa upande, na nyimbo zikabidi zikatwe. Blood Incantation wamefanya kinyume chake, wameujaza upande mzima.

Kinachotokea ndani ni hiki. *The Stargate* inaanza kwa deth metali ya kasi, dramu za Isaac Faulk zikimwagika, Paul Riedl akinguruma. Dakika chache tu, mlango unafunguka na unajikuta kwenye roki ya taratibu ya miaka ya sabini, gitaa safi, dramu zinazotembea. Kipande cha pili kinamleta Thorsten Quaeschning wa Tangerine Dream, bendi kongwe ya vinanda vya umeme ya Ujerumani, na kwa muda mrefu hakuna metali kabisa, ni mawimbi tu. Halafu magitaa yanarudi. Katika *The Message* kipande cha katikati kina uimbaji wa sauti safi, na pale ndipo mtu aliyekuja kwa ajili ya roki ya taratibu kama ya bendi ya Pink Floyd anakaa kitako.

Walirekodi Berlin, studio ya Hansa, na mtayarishaji Arthur Rizk. Unaisikia tofauti na Judas Priest mara moja: dramu hapa zina chumba, mapigo hayalingani kwa ukubwa, kuna hewa baina ya vyombo. Ndiyo maana inaumia zaidi ikibanwa kwa ubora wa chini, na ndiyo maana spika ya bluetuthi inaifanya ionekane dhaifu kuliko Judas Priest wakati kwa hedfoni inawashinda.

Namna ya kuingia: usiku, upande mmoja tu, dakika 20, bila ya kusoma maneno. Chukulia kunguruma kuwa ni chombo, kama unavyochukulia zumari usilolijua. Upande wa pili uache kwa usiku wa pili. Wanaoshindwa na albamu hii ni wale wanaoichukua yote kwa pamoja mchana wakifanya kazi nyengine. Zile sehemu tulivu zinapotea kwenye kelele za bodaboda, wanasikia zile za vurugu tu, wanasema ni vurugu tupu.

Kasoro yake ni kwamba mishono mengine imeshonwa kwa uzi mweupe. Mara mbili au tatu bendi inaruka kutoka mtindo mmoja hadi mwengine kwa kuwa inaweza, bila ya muziki kuomba. Tunaisamehe. Kati ya tatu hii ndiyo inayorudiwa zaidi.

Sikio la taarabu lina kianzio

Wapiga metali hupenda ngazi ya sauti yenye nusu hatua mara tu baada ya noti ya kwanza, kisha mruko mpana, wakidhani inatisha. Hapa inaitwa Hijazi na bibi yako ameilalia. Na ule mtetemo wa haraka wa noti moja kwenye gitaa la deth metali, kidole hakitulii, unafanana na mkono wa mpiga ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarabu, anapoishikilia noti isife. Mwanafunzi wa ganuni akipewa *Absolute Elsewhere* ataanza na masuala yake mwenyewe, na yatakuwa mazuri.

Ya nne, mlangoni

Arka'n Asrafokor wanatoka Togo. *Dzikkuh*, albamu yao ya 2024, inachanganya metali ya kushindilia na ngoma na kengele za Kiewe, na wanaimba Kiewe pamoja na lugha nyengine. Hatukuiweka kwenye jadweli kwa sababu inapimwa kwa mizani nyengine. Kwenye zile tatu, dramu zinalifuata gitaa. Hapa mara nyingi gitaa linaifuata ngoma. Aliyekulia na ngoma ya msewe ya Pemba, akasikia njuga za miguuni zikishika mwendo huku ngoma zikicheza juu yake, ataelewa ndani ya wimbo mmoja kile ambacho mzungu wa Denver atahitaji albamu nzima kukipata. Ila gitaa lenyewe ni la kawaida, na nyimbo chache zinakwisha bila ya kufika popote. Anza na *Walk With Us*.

Santuri na CD

Maneno machache kwa anayetaka kitu cha kushika. Santuri ikiachwa ndani ya gari juani inajipinda, haitengenezeki. Isimamishe wima, usiilaze. Hewa yetu yenye unyevu na chumvi inatia ukungu kwenye majalada wakati wa masika, kwa hiyo tia vifuko vidogo vya kukaushia unyevu kwenye kabati na ubadilishe vinapojaa. CD inavumilia zaidi, lakini kichezeo chake ndicho kinachokufa: lenzi inapata utando, inaanza kuruka nyimbo za mwisho, na mtu anailaumu CD. Ukilazimika kuchagua moja tu ya kuagiza, agiza *Absolute Elsewhere* kwa santuri, kwa ajili ya ule upande na upande. Nyengine mbili hazipotezi kitu zikibaki kwenye simu.

Na kabla hujapakua albamu nzima, onja wimbo mmoja kwa kila moja, ubora wa juu. *Panic Attack* ni dakika tano na kitu, kama MB 13. *Lux Æterna* haifiki dakika tatu na nusu, MB 8. Kipande cha kwanza cha *The Stargate* ni dakika nane na kitu, MB 20. Jumla MB 41, chini ya robo ya *72 Seasons* nzima.